Mama wa Bata Saba

Mtaani kwetu Gisenyi, mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mwanawe, na jina lake mwenyewe huwekwa sandukuni pamoja na nguo za harusi. Mimi nilizaa binti, nikaitwa mama wa fulani kwa muda wa miezi kumi na minne. Kisha mwaka mmoja katika ile miaka ya hamsini, bila kuomba wala kutamani, nikawa Mama Bata. Watu wazima waliniita hivyo sokoni mbele ya watoto wao, nami nikaitika, kwa sababu mtaa wetu ukijua kuwa umekasirika hauachi tena.

Wengine wameisimulia habari hii vibaya, wakasema nilirogwa, wakasema Mzungu alinipa dawa. Hakuna dawa. Kulikuwa na pasi ya makaa, sanduku la mayai, na desturi yetu ya kutomwacha mtoto mchanga peke yake.

Mzungu mwenyewe alikuwa mzee asiye na mke, aliyestaafu kazi ya kupima mashamba, akakaa katika nyumba yenye baraza pana karibu na ziwa. Mimi nilikuwa nikimfulia na kumpigia pasi. Wazungu wengine wa ufukweni walicheza tenisi na kunywa. Huyu alisoma kitabu kikubwa cha Kijerumani kuhusu ndege, na akishasoma alitoka nje kutazama kuku wa jirani kama aliyetumwa kuwapeleleza. Katika kitabu hicho aliona kwamba kifaranga wa bata, akitoka kwenye yai, humshika moyoni yule wa kwanza anayemwona akitembea, akamfuata maisha yake yote, awe mama yake, awe mtu, awe kiatu kinachovutwa kwa kamba. Mzungu akataka kuwa mama.

Alinunua mayai ya bata kwa wanawake wa Cyanzarwe, akayapanga ndani ya sanduku lenye taa ya mafuta, akaliweka katika chumba changu cha pasi kwa kuwa kilikuwa na joto. Mwezi mzima alifanya mazoezi. Alichuchumaa kwenye majani, akatembea hivyo hivyo huku akilia kwa sauti ya bata, mpishi na mimi tukamtazama dirishani tukiwa na aibu kwa niaba yake. Amri yake kwetu ilikuwa moja. Mayai yakianza kupasuka, tufunge pazia, tulifunike sanduku kwa kitambaa cheusi, tutoke, tumwite. Asionekane mtu hata mmoja.

Yakapasuka siku ambayo alikuwa Goma kung'olewa jino.

Mpishi alikuwa amekwenda sokoni. Nilifunga pazia kama nilivyoambiwa. Nilishika kitambaa cheusi mkononi. Halafu nikasikia sauti zao, ndogo, zikiita, nikashindwa. Kwetu mtoto mchanga haachwi peke yake chumbani, sembuse gizani, sembuse chini ya kitambaa cheusi. Mtu lazima akae naye, na akitoka hata kwa dakika moja huacha kisu au kipande cha chuma karibu na kichwa chake, ili kibaya kisimkaribie. Nikasema moyoni, Mzungu hajui haya kwa sababu hajawahi kuzaa. Nikaweka pasi kando ya sanduku, maana hicho ndicho chuma nilichokuwa nacho, nikafungua pazia kidogo, nikakaa nao. Mmoja alikuwa na kipande cha ganda kichwani, nikakitoa. Nikaenda huku na huku nikikunja mashuka na kuwasemesha. Kufikia alasiri walikuwa saba, wamekauka, na kila nikienda dirishani shingo saba zinageuka dirishani.

Mzungu alirudi na shavu lililovimba. Alipiga magoti kwenye sakafu, na kinywa kilichojaa pamba akalia kwa sauti yake ya bata, ile aliyoifanyia mazoezi mwezi mzima. Bata wote saba wakakimbia wakaingia chini ya kitenge changu.

Nilidhani nitafukuzwa. Lakini yule hakuwa mtu wa hasira, alikuwa mtu wa daftari. Alibaki sakafuni, akatoa kalamu ya risasi, akaandika, kisha akanisomea kwa Kiswahili chake. "Naandika hivi: mama ya bata iko mwanamuke wa pasi." Akatazama lile neno mama kwa huzuni kidogo.

Tangu siku hiyo sikutembea tena peke yangu. Nikienda kuanika nguo, bata saba. Nikienda kisimani, bata saba, na nyuma yao Mzungu na daftari. Jioni nikirudi nyumbani walilia hadi majirani wa Mzungu wakalalamika, kwa hiyo ikaamuliwa nilale nao. Niliwabeba kwenye kikapu walipokuwa wadogo, walipokua kidogo wakapanda kilima kwa miguu yao, mstari mmoja, kutoka ziwani hadi mtaani. Wauza samaki wa ufukweni waliweka chini mabeseni yao watutazame. Mmoja wao, mama mnene wa kanisani, aliuliza kama wote saba ni wa baba mmoja.

Mzungu alitaka kujua bata wananijulia wapi. Ni sauti, ni nguo, au ni joto la pasi? Siku moja akaniazima kitenge na kilemba, akavivaa, akashika pasi yenye makaa mkononi, akatembea bustanini kwa mwendo wangu. Nisiseme uongo, mwendo alikuwa ameupata. Bata walisimama, wakamfikiria, kisha wakanifuata kwenye kamba ya nguo. Bahati mbaya ni kwamba mabwana wawili wa serikali walikuwa wamekuja na wake zao kumtembelea, wakawa wamesimama barazani tangu mwanzo. Mzungu aliwasalimu vizuri, akiwa na kilemba changu, akaweka pasi chini. Hawakurudi tena, na nadhani hakugundua.

Haya yote yangekuwa kichekesho tu kama nyumbani kwangu kusingekuwa na mtoto aliyeniita Tanti, yaani shangazi.

Binti yangu nilimwachisha ziwa mapema kwa sababu nilishika mimba nyingine. Desturi ni kwamba mtoto akiachishwa hupelekwa kwa bibi yake akasahau ziwa, akishasahau anarudishwa. Mama mkwe alikuja na boti kutoka Bukavu, akambeba mgongoni, akasema miezi mitatu. Mimba ile ikaharibika mwezi wa tano. Nikabaki sina wa tumboni wala wa mgongoni. Miezi mitatu ikawa mwaka, mwaka ukawa miwili, na kila barua ikasema mtoto mzima, anakula vizuri, amezoea. Mtoto haombwi kwa mkwe; anarudishwa. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la Ruhengeri na Kigali, mtu jasiri kwenye kona zote za barabara ile, lakini mbele ya mama yake alikuwa akitazama viatu vyake. Usiku nililia, mchana nilipiga pasi.

Siku chache kabla ya Ramadhani, bata wakiwa na wiki moja, mama mkwe akashuka kwenye boti na mtoto mkononi. Nilikuwa gatini nikiwa nimevaa kitenge kipya. Mtoto alinitazama, akatazama bata, akajificha nyuma ya miguu ya bibi yake.

"Salimia Tanti," mama mkwe akamwambia.

Nilimeza neno hilo pamoja na mate. Tulipofika nyumbani aliketi, akavua viatu, akasema kilichomleta, naye hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Mi nimeleta mutoto akuone. Akikuzoea, namuacha, mi nimezeeka. Lakini nasema mbele ya Mungu, Idi ikipita na bado ananishika mi, tunarudi na boti, na usiniulize tena. Mutoto si mupira."

"Ndiyo, mama," nikasema.

"Na hizi bata ni za nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho. "Bon," akasema. "Haya, bata wanakufuata." Akamvuta mtoto mapajani pake.

Nilijaribu kila njia. Nilimpikia vitumbua, akala mkononi mwa bibi. Nilimshonea gauni, akalivaa kwenda kwa bibi. Usiku akiota vibaya aliita mama, nami nikaruka kitandani kama mjinga, nikamkuta mama mkwe amekwisha kuitika. Na mchana huo huo mtaa mzima ulikuwa ukiniita Mama Bata. Hata mwalimu wa chuo cha Kurani aliulizwa rasmi kama bata akipita mbele ya mtu anayesali sala imekatika, kwa sababu saa ya tarawehe walinifuata hadi msikitini, upande wa wanawake, wakapita chini ya pazia kwenda safu za wanaume. Wazee walijadiliana siku tatu. Wakafikia uamuzi kwamba sala ni sahihi lakini mama yao aswali nyumbani.

Nikamwendea Mzungu. Nilimkuta bustanini akivuta kiatu kwa kamba, maana alikuwa ametia mayai mengine sandukuni na safari hii hakutaka kubahatisha. Nilimuuliza bata akikosa kumwona mama yake siku ile ya kwanza, anaweza kumjua baadaye? Akafurahi kuulizwa. Akaniambia hapana, kuna saa zake, zikipita mlango umefungwa, umwonyeshe nani, umpe chakula gani, hafuati.

"Sisi tunasema udongo uwahi ungali maji," nikasema.

Akaniomba nirudie, akaiandika. Alisema maneno haya manne yamefanya kazi ambayo kitabu chake kimeifanya kwa kurasa mia nne. Mimi niliyahesabu baadaye njiani, na ni manne kweli, na yote yalinichoma. Udongo wangu ulikuwa umekauka Bukavu.

"Na mutu?" nikamuuliza. "Mutoto wa mutu pia iko na saa?"

Mzungu alitazama kiatu chake. Alisema wenye elimu wanabishana, wengine wanatazama nyani, wengine watoto wa hospitali. "Mi sijue," akasema. "Mutu si bata." Alivyosema ilionekana kama jambo linalomsikitisha.

Nilishika tumaini hilo dogo, nikafanya upuuzi ambao hadi leo nikiukumbuka nazima taa. Nilisubiri mama mkwe aende msibani Kanzenze. Nikafunga madirisha ya chumba, nikatundika kitambaa cheusi cha Mzungu mlangoni, nikamweka mtoto ndani gizani. Nikavaa kitenge cha mama mkwe, kile chenye harufu yake ya ubani na ugoro. Kisha nikafungua kitambaa taratibu, mwanga ukaingia, nikapita mbele yake nikitembea polepole, nikimwita kwa sauti ya chini, huku bata saba wakinifuata kuonyesha mfano. Mtoto alipiga ukelele uliosikika sokoni. Mama mkwe, ambaye msiba aliouendea ulikuwa umeahirishwa kwa ajili ya mvua, alikuwa ameshafika kizingitini.

Alinitazama nikiwa ndani ya kitenge chake. Alitazama kitambaa cheusi. Nilijua anafikiri uchawi, na ningependelea hivyo kuliko kueleza. Nikaeleza. Aliketi kwenye kigoda, mtoto akapanda mapajani pake.

"We mutoto wa watu," akasema mwishowe, "toa kitenge yangu."

Nikakivua. Alikikunja vizuri juu ya goti. Nilitamani anitukane, maana kwa mtu anayetukana kuna la kujibu.

Siku za mwisho za mfungo nilichoka kujaribu. Nilifunga, nilipiga pasi, nilirudi na bata wangu. Jambo moja tu lilibadilika, nami sikulipa uzito. Bata wa mwisho kwenye mstari alikuwa mzito wa miguu, kila mara anaachwa. Hilo lilimkera mtoto. Kila asubuhi nilipotoka alikuja nyuma ya yule bata, akimsukuma kwa viganja, akimgombeza kwa maneno ya bibi yake, "We, tembea, unalala?" Hufika langoni, kisha humkumbuka bibi na kukimbia kurudi ndani. Mimi nikigeuka kumtazama bata wote husimama, na yeye husimama, na uso wake hufungwa. Kwa hiyo nilijifunza kutogeuka.

Idi ikaja, ikapita na pilau yake. Siku ya tatu boti ya Bukavu ikawa gatini. Mama mkwe alikuwa amefunga mzigo tangu alfajiri. Hakuonekana kufurahi, alimvika mtoto gauni langu, akamfunga vifungo polepole.

Mkwe hubebewa mzigo, kwa hiyo niliubeba mimi kichwani. Tulishuka kwenda ziwani hivi: mimi na gunia, bata saba, mama mkwe na mtoto mkononi. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ina matope meusi. Mzungu akatukuta njiani, akaungana nasi nyuma na daftari lake, maana ilikuwa siku yake ya kuwapima bata urefu wa hatua. Watu walitupisha. Hakuna aliyecheka siku hiyo, walikuwa wanajua boti inamchukua nani.

Gatini niliweka gunia chini. Nilimpa mama mkwe mkono kwa heshima, nikamwambia safari njema. Nilimshika mtoto kichwani. Alikuwa akiwahesabu bata, alikuwa hajui hesabu lakini alionyesha kila mmoja kidole. Sikutaka mama mkwe anione nikilia, wala mabaharia, wala wauza samaki. Nikageuka nikaondoka. Bata wakageuka nao.

Nilikuwa nimepita mabeseni ya samaki nilipomsikia mama mkwe akimwita mtoto kwa jina. Akaita tena, kwa nguvu. Kisha nikasikia nyuma yangu sauti ndogo ikigombeza, "We, tembea, unalala?"

"Usigeuke," Mzungu akapaza sauti kutoka gatini. "Tembea tu."

Sijawahi kutamani kitu maishani kama nilivyotamani kugeuka. Nilitembea. Nilipita ofisi za serikali, nikapita chini ya mikaratusi, nikaanza kilima. Nilikaza shingo hadi ikauma. Kila hatua nilisikiliza matope: miguu ya bata inavyochapa, na baada yake miguu mingine, mizito kidogo, isiyo na viatu. Langoni nilipunguza mwendo, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa akirudi kila siku. Miguu ilisimama. Bata mzito aliingia. Nikafumba macho. Kisha miguu ikaingia.

Nilisimama katikati ya ua, ndipo nikageuka. Alikuwa na matope hadi magotini na ameupoteza utepe wa nywele.

"Tanti," akasema, "nataka maji."

Nilimpa kikombe. Alikunywa chote huku akinitazama juu ya ukingo, akanirudishia, akaketi juu ya mguu wangu kama watu wanavyokaa kwenye jiwe. Sikusogeza mguu huo.

Mama mkwe alifika baadaye, gunia kichwani mwake mwenyewe, akihema. Tulisikia honi ya boti ikitoka. Aliweka gunia ukutani, akamtazama mtoto alipokuwa ameketi. Mtoto hakuinuka. Nikaiona sura ya mama mkwe, nikaitambua, kwa sababu ilikuwa yangu ya miaka miwili iliyopita. Furaha yangu ikapata kidonda.

"Bon," akasema. "Boti imeenda. Nipe na mi maji."

Nikampa kwa mikono miwili. Hapo Mzungu akaingia langoni, mwekundu usoni, daftari limelowa, akatafuta ukurasa mkavu. Alikuwa mtu wa haki, hakuwahi kuandika asichokiona.

"Donc, kwa hiyo," akasema, "mutoto alifuata nani? Mi niliona yeye iko nyuma ya bata ya mwisho. Lakini bata iko nyuma ya mama. Sasa naandika nini? Alifuata bata ao alifuata huyu?"

Mama mkwe aliteremsha kikombe.

"Andika huyu," akamwambia. "Andika mama yake."

Mzungu akaandika.